Ole ya Oleanda

Habari nilizipata Jumatatu, kutoka kwa mama anayeuza ndizi karibu na reli, kwamba yule mzee aliyekuwa akitunza taa za stesheni ya Voi amekwisha kuzikwa kwao, mlimani Sagalla. Wasomaji wangu wa huko watamkumbuka. Ndiye aliyepanda ile miti mifupi yenye maua ya rangi ya waridi kando ya stesheni, ambayo mbuzi wakiila hufa, nasi tukayaita maua ya stesheni, basi. Nimeumia, tena kwa aibu, maana kuna jibu nililomwahidi na sikumpa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana mwenye kujisikia. Alasiri moja nilimkuta akifuta vioo vya taa zake kwa gazeti kuukuu, nikamwambia kwamba ua lake linaitwa oleanda. Akacheka. "Ole Anda? Huyo ni Mmaasai wa wapi, mwalimu?" Nikamsimulia hadithi ya Wagiriki wa kale: kijana Leanda alivuka bahari kwa kuogelea kila usiku, akifuata taa aliyowashiwa na mpenzi wake. Siku moja upepo ukaizima, kijana akazama, na wapo wasemao kwamba kilio cha yule mwanamke, "O Leanda!", ndicho kilichobaki kuwa jina la ua. "Basi sikukosea sana," akasema mzee. "Ni ole kweli. Lakini hiyo taa haikuwa na kioo?" Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Ndipo aliponieleza kwamba mkewe alizidiwa huko Sagalla siku ambayo mwenzake wa zamu alikuwa kitandani na malaria. Ujumbe ulimfikia jioni. Gari la moshi la Taveta lilikuwa bado njiani na hapakuwa na mtu mwingine wa kuangalia taa, akabaki. Gari likapita salama. Alipofika mlimani asubuhi alikuta wanawake wanalia. "Taa yangu haikuzimika, mwalimu. Sasa niambie, huyo Leanda, kama taa ingekuwa ni yake yeye, angeiacha aende?"

Nikamwambia nitatazama kitabuni. Kitabuni! Mwaka uliofuata nilihamishwa, na kila nilipopita Voi nilimwona kwa mbali akimwagilia maua yake, nikajifanya nina haraka. Jumamosi mazishini, naambiwa, walimsifu kwamba hakukosa kazini hata siku moja, na sidhani kama kuna aliyetaja siku ile. Sisi tuliosoma ni wepesi wa kumfundisha mtu jina la ua alilolipanda mwenyewe, lakini akituuliza juu ya maisha yake tunakimbilia vitabu. Kitabu hakikuwa na jibu, nami sina hadi leo. Ningeweza angalau kurudi, nikaketi naye pale penye taa zake, nikamwambia kwamba sijui.