Nusu ya Uso wa Caleb

Marcellin, mpiga picha wa mtaa wa Nyakasanza, hakuwa tena akiishi kwa kupiga picha bali kwa kuzitunza. Familia zilizokimbia vita vya Djugu zilifika Bunia mikono mitupu; picha za ukutani ziliteketea pamoja na nyumba. Sura za marehemu wao zilibaki katika diski moja nyeusi, juu ya kabati lake.

Étienne, fundi aliyemwekea Linux katika kompyuta, hakuipenda diski hiyo.

— Papa Marcellin, hii mupango ya faili, FAT, kuran ya umeme ikikatika katikati ya kuandika, iko inasahau nini ilikuwa wapi. Weka Btrfs. Ile inapima kila kipande, na ukiwa na diski mbili, muzima inaponesha mugonjwa.

— Na televizyo ya matanga itaisoma?

— Hapana.

— Basi siku hiyo weye utasimama mbele, utawaimbia watu picha!

Marcellin alikuwa na sababu. Katika matanga yetu picha za marehemu huonyeshwa kwenye televisheni, na waombolezaji huleta simu zao ili walizo nazo ziongezwe papo hapo. Kwa hiyo alichagua FAT, mfumo unaosomwa na televisheni yoyote.

Katika matanga mojawapo, jenereta iliishiwa mafuta alipokuwa akinakili picha za simu kwenye diski. Kompyuta, ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani, ilizimika. Alipoiwasha aliona majina ya faili zote mahali pake, akaridhika. Jumamosi, kama kawaida yake, aliifuta diski yake ya pili, ya akiba, na kunakili upya ndani yake yote yaliyokuwa katika ile nyeusi.

Ndipo akaja Hortense. Mwanawe Caleb aliuawa katika njia ya kwenda mji wa Kilo. Mwaka ulikuwa umetimia, na ukoo ulikuwa unajiandaa kuondoa kilio, yaani kufunga maombolezo. Picha aliyoitaka ilikuwa moja tu, kwa sababu hakukuwa na nyingine.

— Karibu, Mama Caleb. Iko hapa.

Paji la uso lilitokea, kisha macho, kisha pua. Chini yake palikuwa na rangi ya majivu. Marcellin alifungua diski ya akiba: majivu yale yale.

— Mudomo yake iko wapi? Alikuwa anacheka.

— Mama… nusu imepotea.

Étienne aliitwa, akachimbua diski zote mbili hadi jioni. Mahali pa kinywa cha Caleb palikuwa pameandikwa vipande vya picha za marehemu mwingine.

Leo Marcellin ana diski mbili za Btrfs, na kwa televisheni hunakili picha katika flashi ya kuazimisha. Kipande kikiharibika, mfumo hukirudisha kutoka kwenye nakala nzima. Kwa Caleb hapakuwa na nakala nzima.

Siku ya kuondoa kilio, Hortense aliiweka mezani picha iliyochapishwa, akakunja kitenge na kuifunika kuanzia chini mpaka puani. Wageni walidhani ndiyo desturi ya ukoo wake, wakainamisha vichwa kwa heshima. Marcellin alisimama kando ya televisheni iliyozimwa, na hakuna aliyemwomba aiwashe.