Mamba Aliyevuta Kamba

Mama mdogo wangu aliiona katuni ile kama watu wote wa Kalundu, bandarini Uvira, walivyoiona: ndani ya nyumba ya video karibu na bandari, amebanwa kati ya wapagazi wawili waliotoka kushusha magunia ya unga. Ilikuwa hadithi ya yangeyange asiyeweza kuruka, na mamba aliyepiga marufuku kuimba ufukweni. Alicheka, akarudi kwenye ndagala zake, dagaa wa ziwa letu. Hapo angebaki mtu wa kawaida. Lakini kabla barabara haijafungwa na vita alikwenda Bujumbura kutafuta wanunuzi, akakuta kundi la waigizaji kutoka mbali limeigeuza katuni ileile kuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na ngoma, na watu halisi waliovaa mikia. Aliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Alitoka akiwa ameharibika.

Vita viliponirudisha Uvira, chuo kimefungwa na mimi nina diploma moja na maswali mengi, nilimkuta bado anaisimulia. Aliisimulia akianika ndagala, akisuka nywele, akingoja zamu ya maji. Kila mara alifika palepale: mwishoni yangeyange anaruka. Binti anapanda juu ya vichwa vya watu, mabawa wazi, kwaya yote inaimba chini yake.

"Minye nilikuwa naona kamba," aliniambia. "Naiona kabisa, iko imefungwa mu kiuno ya binti. Na bado nililia. Weye muntu wa univerisite, unielezee."

"Labda paa lilikuwa linavuja, mama mudogo."

"Ndiyo maana hauoi."

Nilimuuliza pia kwa nini mnyama anayekaribia kuliwa asimame kuimba beti tatu badala ya kukimbia. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini ziwa lina maji.

Alitaka kitu kimoja tu: kuona mruko ule tena. Bujumbura ilikuwa ng'ambo ya ziwa, taa zake tunaziona, lakini njiani kulikuwa na bariere nyingi za wanajeshi kuliko nyumba. Basi aliamua kwamba kama hawezi kwenda kwenye mchezo, mchezo utakuja kwake. Alimwendea padri wa parokia yetu, akaomba ukumbi na kwaya ya vijana. Padri alikuwa amechoka kuzika watu. Alikubali kwa sharti moja: saa kumi na moja jioni ukumbi uwe mtupu, kwa maana wanajeshi walikuwa wameamuru mtu asionekane barabarani baada ya saa kumi na mbili, na hawakuwa watu wa kujadiliana nao kuhusu sanaa. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi. Kazi yangu ikawa kutazama saa.

Mazoezi yalikuwa na shida moja ya kielimu: katika mji mzima, mtu pekee aliyeuona mchezo ule jukwaani alikuwa yeye. Hakuna wa kumpinga. Akiimba kitu, kwaya inakiokota na kukigawa sauti nne. Nyimbo mbili niliziona zina harufu ya nyimbo za matoleo ya Krismasi.

"Kwenye katuni mamba hana wimbo," nilimwambia siku moja.

"Kwenye katuni mamba ni karatasi. Karatasi itaimba na nini?"

Mamba tuliyempata alikuwa fundi wa baiskeli, mwenye besi ya kwanza katika kwaya na mabega kama mlango wa kanisa. Alijitengenezea mkia kwa matairi makuukuu. Yangeyange alikuwa binti kutoka kijiji cha Bwegera, mmoja wa waliokimbia na kulala katika madarasa ya parokia. Utoto wake wote aliupitisha shambani akipiga debe kufukuza ndege wasile mpunga.

"Nimewatukana ndege maisha yangu yote," alisema akipimwa mabawa, "na leo munaniambia niko ndege. Iko dhambi gani ninalipa hapa?"

Mabawa yalikatwa kutoka shitingi nyeupe, ile ile wakimbizi waliyogawiwa kuezekea. Kamba tuliazima kwenye boti moja ya Kalundu, na pamoja nayo wapagazi wanne waliozoea kuvuta. Tulipojaribu, hatukupata shida ya nguvu. Shida ilikuwa kwamba wale jamaa hawavuti kimya. Kazi ya bandarini inavutwa kwa wimbo, na wimbo wao ulitaja mama mkwe na sehemu zake. Padri alikohoa. Walibadilisha mama mkwe kuwa malaika, kwa shingo upande.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili. Asubuhi hiyo wanajeshi walipita bandarini wakakamata wapagazi kuwabebesha mizigo kwenda milimani. Wawili wa kwetu walichukuliwa. (Walirudi baadaye, mmoja bila viatu, wote wakiuliza kama ndege aliruka.) Wale wawili waliojificha walikuja, na mama mdogo akanitazama mikono.

"Minye?" nilisema. "Mimi ni wa saa."

"Saa inavutwa na nani? Utavuta."

Hata na mimi hatukutosha. Binti alikuwa mwembamba, lakini kamba ilipita juu ya boriti kavu, bila gurudumu, ikikwaruza kama kisu kwenye sufuria. Tulikubaliana kwamba mamba, akishashindwa na kufa katika onyesho la tatu, atatambaa nyuma ya pazia, avue mkia, atusaidie kuvuta. Ulikuwa mpango mzuri. Ulitegemea kitu kimoja: kwamba mamba atakufa.

Tulianza saa nane. Ukumbi ulijaa, watu wa mjini, wa Nyakabere, wa Bwegera, wamama wamebeba watoto mgongoni, Waprotestanti nao wamejipenyeza kwa Wakatoliki kwa siku moja. Yangeyange aliimba, wakapiga makofi ya adabu. Kisha mamba akatokea, akafungua kinywa, na ile besi ikatoka chini kabisa ya matairi.

Sasa, kwetu mtu akiimba vizuri haachwi aimbe peke yake. Unapanda, unampangusa jasho kwa leso, unamtandikia kikwembe, yaani kitenge chako, chini akanyage, unapiga kelele "Bis! Bis!" mpaka arudie. Hiyo ni heshima, na hakuna aliyewaambia wamama kwamba katika mchezo anayeimba vizuri anaweza kuwa mbaya. Walipanda wote. Mamba aliimba kwamba atamla kila mwenye sauti nzuri ufukweni, na wamama wakamtandikia. Aliimba tena. Mmoja akamfunga kikwembe shingoni. Aliimba mara nyingine, na sasa ukumbi wote unaimba naye kwamba tutaliwa, tutaliwa, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona katika misa.

Nilitazama saa. Nilimwendea mama mdogo pembeni ya pazia.

"Imebaki robo saa. Hatuwezi kufika mwisho. Tufunge."

"Ruka yale ya katikati."

"Ya katikati ndiyo mamba anashindwa! Bila hayo hakuna maana. Kwa nini ndege aruke kama..."

"Weye," alisema, na akanishika shati kifuani. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Nimengoja vita yote. Kama hairuki leo, kesho nani anajua kama tutakuwa hapa? Aruke."

Nikaenda kwenye kamba. Tulivuta, watatu. Binti alinyanyuka kidogo, akabaki ananing'inia, vidole vya miguu vikitafuta sakafu. Mama mdogo akatoka hadharani, mbele ya umati.

"Mamba! Acha kuimba! Kuja uvute!"

Fundi wa baiskeli alikatisha wimbo katikati ya neno. Alishuka mbele ya watu wote, kikwembe shingoni, mkia wa matairi ukiburuta na kuangusha benchi na pazia, akaishika kamba mbele yangu. Wapagazi wakaanzisha wimbo wao, na kwa haraka wakasahau malaika, wakarudi kwa mama mkwe. Tulivuta.

Mimi sikuona kitu. Ndiyo ukweli wa jambo hili. Mtu anayevuta kamba anaangalia ukuta, na mbele ya ukuta niliona mgongo wa mamba. Nilisikia tu. Kwanza kamba ikikwaruza boriti. Kisha shitingi ikipigapiga juu. Kisha mama mmoja akapaza sauti: "Mamba ameokoka!" na ukumbi ukalipuka, Waprotestanti wakiongoza.

Tulimshusha binti, tukatoka mbio. Njiani, mamba akiwa na mkia begani na mimi nikipuliza viganja vilivyochubuka, nilimwambia mama mdogo kwamba tumeharibu hadithi nzima. Adui hakushindwa. Adui ndiye aliyemrusha shujaa. Hakuna mantiki hata kidogo.

"Uliona mamba gani alishindwa mu Uvira hii?" alisema bila kusimama. "Tembea, saa yako inasema nini?"

Tulipofika nyumbani kabla ya muda, nilimuuliza nilichotaka kuuliza njia nzima. Ulikuwaje, mruko?

Alivua viatu, akakaa. "Niliona kamba," alisema. "Na matako yako." Akajipangusa uso kwa kona ya kikwembe. Nilitazama paa, halikuwa linavuja.

Wiki hiyohiyo alirudi kusimulia Bujumbura. Nilimsikia kwenye foleni ya maji: ukumbi mkubwa, mvua, watu wenye mikia. Na mwishoni, aliwaambia, mamba mwenyewe anashuka, anashika kamba, anamvuta yangeyange juu.

"Hata kule Bujumbura?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Kwani tuliitoa wapi? Muulize huyu, amesoma."

Wakanigeukia wote, na madumu yao. Nilikuwa na maswali kama kumi.

"Hata kule," nilisema.