Mume Mdogo wa Bibi

Jumamosi iliyopita nilimtoa baba mazikoni Lungalunga, tukirudi Likoni. Joto la mchana ule, we acha tu. Vioo vyote tumeshusha na upepo unaoingia ni wa moto. Tulipofika njia panda ya kwa bibi, mzee aligeuza uso akatazama upande wa pili. Barabara hii tuliwahi kuipita watatu, mimi nikiwa na miaka minane.

Wa tatu alikuwa bibi, mamake baba. Alikuwa na nyumba ya udongo na minazi, na kila mjukuu alikuwa na mnazi wake, pale kilipozikwa kitovu chake. Mimi aliniita "mume wangu", na utani huo wa bibi na mjukuu wake nyote mwaujua. Firigisi ilikuwa yangu, na kuku hachinjwi mpaka mume aridhie.

Likizo ile nilikuwa kwa bibi, baba akanifuata kwa pikapu ya kuazima. Bibi alikuwa amevimba mguu, lakini habari za hospitali ya mjini hataki kuzisikia. Baba akaninong'oneza nyuma ya jiko, "Mwambie wewe. Siku tatu tu, atazamwe mguu, arudi." Nikaenda, nikakohoa kama mtu mzima. "Mke wangu, twende kwangu siku tatu."

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mume akishasema, mimi n'nani?" Akajaza mtungi maji ili akirudi ayakute baridi, akaufunika, kuku akamwachia jirani.

Njiani alinifunika kanga nisichomwe na jua. Tulipita miwa ya Ramisi, na Msambweni tukanunua korosho za kuchoma, akanimenyea moja moja mpaka vidole vyake vikawa vyeusi. Akanionyesha mashamba ya watu, huyu nani wake, yule nani wake. Nilijiona mwanamume kamili, nampeleka mke wangu mjini.

Siku ya nne akaulizia safari. Ya kumi akauliza tena. Baba anajibu, "Kesho, inshallah." Mwezi ulipokwisha, yule jirani akaja na kuku wa bibi ndani ya tenga. Shamba lilikuwa limeuzwa na nyumba imebomolewa. Hati ilikuwa kwa jina la baba, naye alitia sahihi kabla hajaja kunichukua.

Bibi hakumgombeza mwanawe. Aliniita mimi. "Nawe ulijua?"

Nikaapa, wallahi sikujua, na huo ndio ukweli. Baba alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Neno moja tu lake lingenitosha, na hakulisema. Shamba nimemsamehe, hilo bado.

Leo pale pana ukuta mrefu na lango la chuma, na mnazi wangu haupo. Bibi alikaa kwetu miaka sita mpaka alipofariki. Firigisi aliendelea kuniwekea, Mungu amrehemu. Lakini tangu siku ile aliniita kwa jina langu.