Fundi Herufi na Neno Yumo

Fundi Herufi, mwana wa Fundi Paa aliyeezeka nusu ya mtaa wetu bila kuanguka hata siku moja, mjukuu wa Mfyatua Matofali ambaye kazi yake bado imesimama kwenye ukuta wa shule. Huyo ndiye kaka yangu, tumbo moja. Yeye alichora maandishi. Duka la dawa, kinyozi, ofisi ya maji, mlango wa choo cha stesheni, yote mkono wake, na hutakuta herufi iliyolala.

Kanisa letu lilipomalizwa kupakwa chokaa, wazee walimpa ukuta wa mbele. Akachora MUNGU YUMO HUMU kwa buluu, kila herufi urefu wa mkono. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nisiseme uongo.

Miaka kumi na sita baadaye wifi yangu, mke wake, aliteleza kwenye maji ya sabuni uani akavunjika nyonga. Nyonga haikuunga. Mwanamke aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliyewahi kanisani mpaka mlinzi akamlalamikia, sasa ni wa kitandani. Miezi ya mwanzo alisali. Kisha akanyamaza. Ukimletea chakula anakushukuru wewe uliyeleta, Mungu hamtaji.

Jumapili moja namchana nywele, kaka anavaa viatu aende ibadani.

"Mama watoto, nikuombee nini leo?"

"Lolote. Wewe si ndiye unayekwenda aliko?"

"Nani kasema yuko huko tu?"

"Umesema wewe, baba, tena kwa buluu. Yumo humu. Haya, yumo humo. Mimi nimo humu." Akapiga godoro kwa kiganja. "Humu hukuandika kitu."

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Kumtazama, machozi yanamwingia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Kaka akabaki na kiatu kimoja mguuni. Ibadani hakwenda. Baadaye akaniambia jikoni, kwa aibu, "Nilitaka kuandika *yu pamoja nasi*. Likawa refu, linagonga dirisha. Nikachukua fupi."

Jumatatu asubuhi akapanda ngazi na ndoo ya chokaa. Mzee wa kanisa, fundi cherehani, akamkuta huko juu.

"Wee! Unamfuta Mungu?"

"Nafuta kosa langu."

"Kosa liko wapi? Hata mjukuu wangu anayasoma vizuri."

"Yanasomeka, ndiyo. Nimemfungia Bwana ndani kama kuku, na mke wangu amebaki nje."

Wakapandishiana sauti mpaka mchungaji akaja. Mchungaji akasikiliza, akakaa kwenye benchi, akakuna kidevu. Akasema yule aliyezaliwa horini aliitwa Emanueli, na maana ya jina hilo ni Mungu pamoja nasi. Hakuja kupanga chumba, alikuja kukaa na watu, na watu wengine wamelala vitandani.

"Na dirisha je?" akauliza fundi cherehani, ambaye hakuzoea kushindwa.

"Litavumilia," akajibu kaka.

Akachora MUNGU YU PAMOJA NASI. Herufi ya mwisho imeangukia upande wa pili wa dirisha, peke yake. Wageni huicheka mpaka leo.

Alipompelekea mkewe habari, akajibiwa, "Vizuri. Ila mimi ukuta siuoni."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, kaka akaja na mchungaji, mkate na kikombe, na wanakwaya sita waliojibana kati ya kabati na kitanda. Wakaanza kuimba. Ubeti wa pili wifi akainua mkono.

"Ngojeni. Nyie sauti ya pili mnaburuta kama mmebeba magunia. Hebu tena."

Wakarudia, safari hii yeye akiongoza. Walipoondoka nikamletea sahani. Akafumba macho kabla ya kushika kijiko, midomo ikicheza. Kaka akageukia dirisha, akajifanya anafunga pazia.

Tangu hapo hakukosa Jumapili kuzungukia waliolala vitandani, na mkewe ndiye aliyemchagulia nyimbo, miaka minne, mpaka tulipomzika. Mwaka huu macho ya kaka mwenyewe yamezimika. Juzi akaniita.

"Mdogo wangu, nyumba za kuzungukia zipo tano. Utazichukua."

"Kaka, magoti yangu nayo yanalia."

"Yalie njiani. Mama wa ghorofani hasikii sikio la kushoto, kaa kulia kwake. Mwalimu mstaafu atakubishia kila neno, mwache abishe, ndiyo furaha yake. Mshona viatu hapendi sala ndefu. Na usisimame mlangoni na mkoba begani, watajua unaondoka. Uweke chini, ukae kitandani kabisa. Anza Jumapili hii."