Siku Niliyotumwa Kulinda Jicho

Mwezi uliopita Baba alinipigia simu kutoka Ilemela, Mwanza, akasema redio imekataa kusoma. Hakugusia goti lake wala presha yake, aligusia redio. "Nimeweka CD zote tatu. Inazungusha tu, inazungusha tu, halafu inanyamaza. Njoo uiangalie." Mimi naishi Sengerema, ng'ambo ya pili, na Jumamosi hiyo nilikuwa na nguo za wiki nzima za kufua. Nikaziacha kwenye beseni nikapanda kivuko.

Nikuambie mapema kwamba mimi si fundi. Nafundisha darasa la tatu. Lakini vitu vya nyumbani kwangu navifungua mwenyewe, pasi, feni, hata simu, na wenzangu wanasema ni ubahili. Waache waseme. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa mbele ya fundi. Nikikaa kwenye benchi lake nikaanza kumtazama mikono, nainuka naondoka. Sababu yake iko ndani ya redio hiyohiyo ya Baba, na kwa miaka ishirini na zaidi sikumwambia mtu.

Nyumba yetu ilikaa juu ya mawe, kama nyumba nyingi za Ilemela. Ulitoka mlangoni ukakanyaga jiwe, ulianika dagaa juu ya jiwe, na ulichapwa kwa sababu ya kupanda jiwe. Alfajiri pimbi walipiga kelele huko juu kama watoto wanaogombana, jua likapanda, harufu ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka ikatoka jikoni, na siku za Jumapili sauti ya redio ikatoka sebuleni. Ilikuwa redio kubwa nyeusi ya CD tatu, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma Mama. Ukibonyeza kitufe, trei pana ilitoka polepole, na juu yake palikuwa na duara lenye nafasi za CD tatu. CD moja ikiisha, duara lilijizungusha, krrr, kisha tak, kisha kimya. Katika kimya hicho nyumba nzima ilisimama. Mama aliacha kupara samaki. Bibi, mama yake Baba, ambaye Kiswahili alikianza ukubwani akitokea Ukerewe, aliinua mkono kutunyamazisha. "Iacheni, inafikilia," alisema. Kisha kwaya ikaanza, na kisu cha Mama kikaendelea.

Nilikuwa na miaka tisa shangazi alipopata mchumba. Sendofu ya kumuaga ilipangwa kufanyika uani kwetu Jumamosi, na muziki wote ungetoka kwenye redio ya Baba. Alikwisha kuwatangazia wakwe. Jumatano jioni redio ikaharibika. Trei ilitoka nusu ikarudi, na duara likazunguka bila kujua pa kusimama. Shangazi aliangalia mara moja akaingia chumbani kulia.

Fundi wa karibu alikuwa na kibanda kando ya barabara, kimeegemea jiwe kubwa hivi kwamba jiwe lenyewe ndilo lilikuwa ukuta wa nyuma. Alikuwa kijana, mgeni mtaani, alihamia kutoka upande wa Mara na mke wake na mtoto mchanga. Tulimwita Fundi. Na kuhusu mafundi, mtaa mzima ulikuwa na imani moja: ukimwachia kitu chako bila mlinzi, atatoa spea nzima akuwekee mbovu. Kwenye redio ya CD, mali yenyewe ni jicho, ile lenzi ndogo inayosoma. Kwa hiyo redio haikupelekwa peke yake, ilipelekwa na mtu wa kukaa nayo. Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa na magunia ya mchele wa kuchambua, shule zimefungwa. Nikatumwa mimi.

"Kaa palepale," Baba aliniambia Alhamisi asubuhi, tulipofika kibandani. Alisema kwa sauti, Fundi asikie. "Usibanduke. Macho yako yawe kwenye jicho."

Alipoondoka, Fundi alinitazama akacheka. "Umetumwa kulinda jicho?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sogeza benchi huku, huko hutaona kitu."

Hakuanza kwa kufungua. Aliwasha kwanza, akalaza sikio juu ya redio, akafumba macho. "Unasikia? Mota inazunguka. Haijafa. Kuna kitu kinateleza." Ndipo akachukua bisibisi. Skrubu alizipanga juu ya meza kwa namna zilivyokaa kwenye redio, kila moja mahali pake. Akalitoa lile duara, kisha jicho pamoja na kitako chake, akaliweka juu ya kitambaa safi upande wangu. "Hilo hapo. Lilinde." Chini kabisa palikuwa na mkanda wa mpira, mwembamba, umelegea. Aliuning'iniza kwenye kidole nikaona ulivyotepeta.

Mkanda mpya hakuwa nao. Akamwomba mama lishe wa jirani maji yanayochemka, akautumbukiza kwenye kikombe, tukakaa tukiungoja kama watu wanaongoja chai. Ulipotoka ulikuwa umekaza. Akarudisha kila kitu, akaweka CD, redio ikiwa bado wazi. Krrr, tak, kimya. Kwaya ikaimba ubeti mzima, na mimi nikapiga makofi. Fundi akazima, akaitoa CD na lile duara ili apake grisi kidogo kwenye reli ya trei, jicho likabaki wazi.

Wakati huo mke wake alikuja na mtoto mgongoni, ameleta chakula. Fundi alinikatia kipande cha sato wa kukaanga, kikubwa kuliko chake, nikala kwa mkono. Kisha akaenda kwa mama lishe kunawa na kurudisha kikombe. Sikubanduka. Hilo nitaapa hata leo. Nilibaki peke yangu na jicho.

Sasa nikueleze kitu cha kwetu. Bibi hakununua samaki kwa kumwangalia tu. Alikuwa akiliminya jicho la samaki kwa dole gumba. Likikataa na kurudi, samaki ni wa leo. Likizama, alimrudishia mwenye samaki na maneno juu. Na lile jicho la redio lilikuwa duara, linang'aa kwa ubuluu, lina maji ndani yake, au niliona hivyo. Nilitaka kujua kama ni zima. Nikaliminya. Lilizama kidogo, laini kabisa, halafu likarudi.

Lilirudi, kwa hiyo nilifurahi. Furaha haikudumu, maana juu ya jicho pakawa na ukungu. Kidole changu kilikuwa kinang'aa mafuta ya samaki. Nilitaka kufuta kwa gauni, nikaogopa kuongeza. Fundi akarudi, akapaka grisi yake, akarudisha duara, na pale pale umeme ukakatika. "Si kitu," alisema, "tumeshaisikia." Akafunga skrubu zote, na mimi nikamtazama akizifunga moja baada ya nyingine nikiwa nimekaa juu ya mkono wangu. Ningeweza kusema kwenye skrubu ya kwanza. Ningeweza kusema hata kwenye ya mwisho.

Umeme ulirudi Baba akiwa ameshatuleta nyumbani, mimi na redio, jua halijazama bado. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Baba akaweka CD. Krrr, tak, kimya. Bibi akainua mkono. Tulingoja. Maandishi ya kijani yakasema hakuna CD ndani. Baba akaweka nyingine, na nyingine. Kisha akanigeukia.

"Ulibanduka?"

"Hapana, Baba."

"Alilitoa jicho?"

"Alilitoa." Na kweli alilitoa.

"Alilirudisha lilelile?"

Rafiki yangu, uongo mkubwa niliowahi kusema ulikuwa neno moja. Nilisema, "Sijui."

Ijumaa asubuhi Baba alifunga redio kwenye kanga, akawachukua majirani wawili, akanishika mkono. Njia nzima sikusikia kitu isipokuwa kandambili zangu. Tulimkuta Fundi anafagia mbele ya kibanda, mke wake anamimina chai.

"Rudisha jicho letu," Baba alisema.

"Jicho gani, mzee wangu?"

"Usinifanye mtoto. Kesho nina wageni. Wewe ni mwizi."

Unajua neno hilo linavyofanya kazi barabarani. Halihitaji kurudiwa. Waendesha baiskeli walisimama, mama lishe akaacha sufuria, watu wakatoka hata nisikojua kuwa kuna watu. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Mwizi yuko wapi?" na Mwanza mawe hayatafutwi, unainama tu. Nilimwona mmoja akiinama. Mke wa Fundi alimtoa mtoto mgongoni akamkumbatia kifuani. Chai ilikuwa bado inachuruzika mezani.

"Mtoto alikuwepo," Baba alisema, akanisukuma mbele. "Muulizeni."

Fundi hakuniuliza. Alisema, "Naomba niifungue mbele yenu." Bisibisi ilimteleza mara mbili. Safari hii hakupanga skrubu, zilianguka zilikoangukia. Akalitoa duara, akainama, akaigeuza redio kuelekea jua. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilijua anachokiona. Nilificha mkono nyuma ya gauni, na yeye, bila kuinua kichwa, aliutazama mkono uliokuwa unajificha.

Kisha akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akafuta mara moja tu.

"Ni vumbi, mzee," alisema. "Kosa langu. Sikulifuta vizuri."

Akaweka CD. Kwaya ikaimba, katikati ya watu wote wale, na yule aliyeinama akaangusha jiwe lake taratibu kama mtu aliyekuwa analiokota kwa ajili ya kazi nyingine.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Njiani kurudi jirani mmoja alisema, "Umeona? Amezidiwa, akalirudisha kiujanja." Baba akaitikia. Ikawa ndiyo habari yenyewe. Sendofu ilifana, redio ilipiga hadi mwisho, shangazi alicheza hadi viatu vikamtoka, nami nilikaa jikoni na Bibi nikisema tumbo linaniuma. Fundi hakupata tena redio ya mtu wa mtaa ule. Nilikuwa nikipita namwona amekaa mbele ya meza tupu. Siku moja nilisimama kabisa, nikafungua mdomo, akaniambia, "Wahi shule, mwanangu." Kabla mvua hazijaanza kibanda kilikuwa kitupu. Wengine walisema amevuka kwenda Sengerema, wengine walisema Geita. Nilipopangiwa kazi Sengerema, mwaka wa kwanza nilikuwa nachungulia kila kibanda cha fundi. Sikumwona.

Basi Jumamosi hiyo nilifungua redio juu ya meza ya Baba. Mkanda ulikuwa umelegea. Nilichemsha maji, nikautumbukiza kwenye kikombe, nikasubiri. Nilichukua pamba na spiriti. Baba, ambaye sasa amepita sitini, alinimulikia kwa tochi ya simu.

"Hilo ndilo jicho letu," alisema kwa raha. Habari hii ameisimulia kwenye kila sherehe, na kila mara mimi ndiye shahidi wake. "Yule mwizi alilirudisha kwa kuwa tulimwahi. Bila wewe kukaa pale, lingekuwa limekwenda."

Nikaweka pamba chini. "Baba, hakuchukua kitu. Jicho nililiminya mimi, kwa kidole chenye mafuta ya samaki. Aliiona alama ya kidole changu akasema ni vumbi. Na wewe uliponiuliza, nilisema sijui, na nilikuwa najua."

Tochi ilihama ikaangaza ukutani, kwenye kalenda. Nilisubiri anifokee. Ningependa anifokee.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mimi nilikuwa na arobaini na moja," Baba alisema.

Akazima tochi, akaenda kuvaa shati la kutokea. Tuliiacha redio wazi mezani. Alitembea polepole kwa ajili ya goti, hakukubali bajaji. Lile jiwe kubwa halipo siku hizi, lilipasuliwa likawa kokoto, na pale lilipokuwa kuna safu ya fremu za maduka: vocha, vipodozi, nguo za watoto. Mama lishe naye hayupo. Hakuna hata benchi. Watu hawabebi tena redio mikononi pamoja na mtoto wa kuilinda, kikiharibika kitu kinatupwa, na nilipokuwa nimesimama pale niliona ningetoa chochote nilichonacho ili nikae tena kwenye benchi lile, mkono wangu ukiwa hadharani.

Mwishoni mwa safu kuna mzee anayeuza mkaa, amekaa hapo tangu zamani. Baba alimsalimia, akamweleza kwamba anamtafuta fundi redio aliyekuwa na kibanda hapa, kijana wa Mara, ana mke na mtoto, kwamba alimkosea na anataka kumwomba msamaha.

Mzee alifikiri. "Mafundi wamepita wengi hapa," alisema. "Nina namba za baadhi yao. Wako alikuwa anaitwa nani?"

Baba alinigeukia mimi, nami nikamtazama yeye. Mtaa mzima tulimwita Fundi. Jina jingine tulilowahi kumpa lilikuwa moja tu, na Baba hakuweza kulitamka.