Reli Iliyoibwa Homa Bay

Mhariri ananisumbua nisimulie safari yangu, ilhali nilitaka siku moja tu ya kukaa bila watu. Haya. Nilitoka Migori peke yangu kwenda Homa Bay kutazama gati la zamani la relwe, yaani shirika la reli lililokuwa pia na meli za ziwani. Nikamkuta bwana mwenye fimbo akiongoza wageni.

"Treni ilikuwa inasimama hapa," akawaambia. Kisha akamwelekezea fimbo mama anayekaanga samaki kando. "Babake ndiye aliyeng'oa reli, akauza vyuma."

Wageni waliokwisha kuchagua samaki wakarudisha sahani. Mama akafuta mikono kwenye leso.

"Reli ilipita wapi?" nikamuuliza bwana.

"Dana," akaniita, yaani nyanya kwa Kijaluo, "hayo ni mambo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo yangu. Niliolewa huku nikashukia hapa hapa, kwa meli ya relwe na tikiti ya relwe. Treni iliishia Kisumu. Huyo mzee aling'oa reli gani, ya majini?"

Wageni wakacheka. Mama hakucheka. "Umenifukuzia wateja," akamwambia bwana.

Naona tuko radhi zaidi kumsingizia marehemu wizi kuliko kukubali kwamba treni haikufika kwetu.

Bwana alilipia samaki wote waliokuwa kwenye karai, hata vichwa.