Kidonda cha Baba

Baba alipokataa hata nyama ya mbuzi, tulimtoa nyumbani Kiritiri tukampeleka hospitali mjini Embu. Daktari alimteremshia kamera tumboni, akaona kidonda.

“Ni saratani?” nilimuuliza.

“Kwa macho siwezi kuapa. Kinaonekana kizuri, lakini hata kibaya huweza kuonekana hivyo. Nimekata vipande vidogo vikapimwe.”

Tulingoja kwa hofu. Baba peke yake alitania, akimshauri mama atafute mapema mume asiyekoroma. Mama hakucheka.

Majibu hayakuonyesha saratani. Kidonda kililetwa na dawa za maumivu ya magoti alizokuwa akitafuna kama njugu. Daktari alimkataza dawa hizo, akampa matibabu, akamtaka arudi kamera ihakikishe kimepona.

Mama alilia kwanza. Kisha akampekua mifuko mbele ya wauguzi, akimwita mzee mkaidi, naye baba akainua mikono kama mwizi.